Namba Isiyosema Lolote: Historia ya Vitambulishi vya Rekodi na Usajili wa Wakimbizi Mantapala

Makala haya yanafuatilia chimbuko la vitambulishi vya rekodi vinavyozalishwa na kompyuta yenyewe, na yanaonyesha kwa nini suala hili, linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, linagusa haki za watu waliopokelewa katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge. Hoja yake ni moja: namba ya aina hiyo huilinda rekodi, lakini haimtambui mtu.

Kuanzia Agosti 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo yaliwasukuma maelfu ya watu kuingia Zambia. Walipokelewa katika kituo cha mpito cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala. Mgao, kiwanja na hati vyote hufuata rekodi; asiye na rekodi hana mahali pa kuanzia.

Jina pekee lisingetosha kumtambulisha mtu. Pande mbili za ziwa zimerithi tahajia mbili za kikoloni. Ziwa lenyewe huandikwa Mweru kwa Kiingereza na Moëro kwa Kifaransa. Vivyo hivyo, Tshilumba wa ng'ambo huweza kuandikwa Chilumba akishavuka. Tarehe ya kuzaliwa nayo, pasipo cheti, hukadiriwa.

Njia ya pili ni namba yenye maana. Namba ya Kadi ya Taifa ya Usajili ya Zambia ina sehemu tatu, na tarakimu ya mwisho huonyesha hadhi ya uraia. Namba ya NIDA nchini Tanzania huanza na tarehe ya kuzaliwa. Namba kama hizo humsaidia ofisa kusoma mengi kwa mtazamo mmoja. Hata hivyo, hadhi ikibadilika au tarehe ikisahihishwa, ama namba ibaki ikisema uongo, ama ibadilishwe pamoja na kila rekodi inayoitegemea.

Nadharia ya hifadhidata ilikutana na tatizo hilo mapema. Mwaka 1970, E. F. Codd alipendekeza muundo wa majedwali ambamo kila safu hutambulishwa kwa taarifa zilizomo ndani yake. Mwaka 1976, Hall, Owlett na Todd walileta wazo la kiwakilishi, yaani alama inayozalishwa na mfumo, isiyo na maana na isiyobadilika. Codd alilipokea katika makala yake ya 1979. Mara nyingi alama hiyo ilikuwa namba ya mfululizo. Mfululizo hufaa penye mashine moja. Vituo viwili visivyounganishwa vitazalisha kila kimoja namba 501 yake, na siku ya kuunganisha rekodi watu wawili watagombea namba moja. Tiba zake ni kiambishi cha kituo, au namba ndefu za biti 128, ambazo kiwango chake hadi mwaka 2024, RFC 4122, kilitolewa mwaka 2005. Tatizo hilo halikuwa la nadharia tu: matoleo ya awali ya proGres, mfumo wa usajili wa UNHCR, yalikaa katika seva za ofisi mbalimbali, na toleo la nne ndilo lililoleta hifadhidata moja ya kati.

Lakini tiba hizo zina mpaka. Mtu aliyewahi kusajiliwa katika kambi ya zamani ya Kala, wilayani Kawambwa, akirudi kwa tahajia nyingine, mfumo utampa namba mpya bila kusita. Namba zote mbili ni za pekee. Mtu ni mmoja. Kinyume chake, watu wawili wakiunganishwa kimakosa, mmoja hutoweka katika mgao. Ndiyo maana kuanzia 2015 UNHCR imekuwa ikisambaza mfumo wa kuchukua alama za vidole na mboni za macho.

Kutokana na historia hii, mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, ufunguo wa ndani uzalishwe na mfumo, na uraia au hadhi vihifadhiwe katika safu zake vyenyewe, ili mtoto aliyezaliwa Mantapala asibebe hukumu ndani ya namba yake. Pili, tahajia zote za jina zihifadhiwe. Tatu, kila uunganishaji wa rekodi uache kumbukumbu na uweze kutenguliwa. Sheria ya Wakimbizi Na. 1 ya 2017 humpa mkimbizi hadhi. Hifadhidata isiyotimiza masharti haya inaweza kumnyang'anya hadhi hiyo kimyakimya.