Wasomaji wa Liyongo

Hakuna mtu wa kale wa pwani hii aliyesomwa kwa namna nyingi zinazopingana kama Fumo Liyongo. Msomaji mmoja humwona shujaa, mwingine mshairi wa ngoma na mapenzi, mwingine mwana wa ufalme aliyedhulumiwa. Wako wanaomsoma kama historia, na wako wanaoshikilia kwamba ni ngano tupu. Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Bombolulu, Mombasa, hukutana naye kwenye kitabu cha fasihi simulizi, katika sehemu ya mighani, na aghalabu humpata kwa mistari michache tu: mtu wa nguvu zisizo kifani, akasalitiwa na mwanawe, akafa kwa sindano. Mistari hiyo si ya uongo. Lakini nyuma yake kuna zaidi ya karne moja na nusu ya watu waliobishana kwa maandishi juu ya kisa hiki, na mabishano hayo nayo yana historia yake.

Tuanze na kisa chenyewe, jinsi kilivyo katika utenzi unaojulikana zaidi. Liyongo anaishi Shaka, mji wa bara karibu na mlango wa mto Tana, zama ambapo Pate ina nguvu. Mfalme wa Pate, ambaye masimulizi mengine humwita Daudi Mringwari na kumfanya nduguye Liyongo, anajisifu mbele ya wageni wake Wagala, yaani Waoromo, kwamba upande wake yuko mtu wa ajabu. Wagala wanataka kumwona. Liyongo anafika na mkoba wake, na anapoufungua vinatoka vinu na michi, vyungu na mafiga, vitu vya nyumba nzima. Wagala wanastaajabu, wanaitaka mbegu yake, wanamwoza binti wao, na anazaliwa mtoto wa kiume.

Hapo ndipo hofu inapomwingia mfalme. Mtu aliyekuwa fahari yake sasa anamnyima usingizi. Anapanga auawe katika kikoa cha kula makoma: kila mmoja kwa zamu apande mkoma, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Mwishowe anatiwa gerezani, na mama yake anamtuma kijakazi, Saada, ampelekee chakula kila siku. Walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anatunga shairi, anampa Saada alipeleke kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake aweke tupa. Walinzi wanaudharau mkate ule na kumwachia. Usiku wa ngoma ya gungu, matuazi na pembe zikilia na watu wakiimba nyimbo alizowatungia yeye mwenyewe, Liyongo anakereza pingu zake na hakuna anayesikia.

Kilichobaki kila mtu anakijua. Mwanawe anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamdadisi baba mpaka anaambiwa siri, kisha anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo, mshale ungali kwenye upinde. Siku kadhaa watu wa mji hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Na kijana yule hakupata mke.

Msomaji wa kwanza wa Liyongo tunayemjua kwa jina hakuwa Mzungu wala profesa. Alikuwa mshairi. Ipo takhmisi ya shairi la Liyongo inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule mtunzi wa Al-Inkishafi. Katika takhmisi, mshairi huchukua ubeti wa mwenzake aliyemtangulia na kuutangulizia mishororo yake mwenyewe mpaka itimie mitano. Ni namna ya kusoma inayomlazimu msomaji aingie ndani ya maneno ya mwingine na kuyaitikia. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa wakimsoma Liyongo na kumjibu kabla ya kalamu yoyote ya kigeni kufika.

Kalamu hiyo ilifika kwa mkono wa Edward Steere. Alikuja Zanzibar mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kianglikana, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Hadithi ya Liyongo imo, pamoja na mashairi yake. Steere alikuwa mtu mwangalifu, na tunamdai shukrani. Ila alisoma kwa haja yake: alitaka lugha ya kutafsiria Biblia, na hadithi zilikuwa darasa lake. Liyongo akawekwa safu moja na sultani, sungura na punda. Msomaji wa Ulaya aliyekifungua kitabu kile hakuwa na njia ya kujua kwamba katika hadithi hizo zote hii ilikuwa na uzito wa aina nyingine, kwamba kulikuwa na watu Lamu na Kipini walioitaja kama habari za mababu, na kwamba tumbuizo zilizonasibishwa na mtu huyu ziliimbwa arusini.

Kazi kubwa zaidi ilifanywa Lamu. Muhamadi Kijuma alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga ala na mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu ambazo wageni walimwomba awanakilie. Mwaka 1913 aliandika Utenzi wa Liyongo, wenye beti zaidi ya 200. Alice Werner, mwanamke Mwingereza aliyekuwa pwani ya Kenya katika miaka hiyo akitafuta lugha na masimulizi, aliondoka na hati kutoka kwake. Carl Meinhof akauchapisha utenzi huo Ujerumani katikati ya miaka ya 1920. Werner naye aliendelea kumwandika Liyongo hadi katika kitabu chake cha 1933 juu ya visasili vya Wabantu.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo wasomaji wengi hupotelea. Tunaposema tunasoma kisa cha zama za kati cha Waswahili, tunachokishika mkononi ni utenzi wa mwaka 1913, wa mtu tunayemjua, aliyechagua aanzie wapi na aishie wapi. Kijuma alipokea masimulizi ya wazee, bila shaka. Lakini vina ni vyake, mpangilio ni wake, na huruma anayompa mama wa Liyongo ni yake. Kumwita mnakili tu ni kumpunja.

Kwa kuwa hati ni changa na kisa ni cha kale, ubishi mrefu kuliko wote ukawa wa karne. Liyongo aliishi lini? Wako waliomweka karne ya 13 au kabla ya hapo, na wako waliomsogeza hadi karne ya 16 au ya 17. Wa kundi la pili wana hoja ya maana: utenzi unawataja Wagala, na Waoromo waliingia maeneo ya Tana na pwani kwa wingi kuelekea mwisho wa karne ya 16 na katika karne ya 17. Wa kundi la kwanza hujibu kwamba msimulizi huvisha kisa cha zamani nguo za siku zake, na kwamba lugha ya baadhi ya nyimbo zinazonasibishwa naye ni kongwe mno. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Nyimbo zinaweza kuwa za enzi moja na kisa cha Wagala cha enzi nyingine, vikaunganishwa na vizazi vya waimbaji.

Ubishi wa karne ulikuwa mkali kwa sababu haukuwa wa karne peke yake. Baada ya uhuru, swali la Mswahili ni nani lilikuwa moto Mombasa na kwingineko. Kama Liyongo ni wa kale na ni mwana wa pwani, basi ushairi wa Kiswahili hauwezi kuitwa mwiga wa Arabuni. Kama ni Mwajemi, kama wengine walivyodai, hoja inageuka. Wapokomo wa Tana nao wana masimulizi yao juu yake, na hawakubali awe wa Pate au Lamu peke yao. Joseph Mbele wa Tanzania aliandika mwaka 1986 juu ya utambulisho wa shujaa huyu. Ibrahim Noor Shariff akaandika mwaka 1991 akirudia upya suala la kuwapo kwake katika historia. Ukiyasoma maandishi hayo unahisi kwamba watu hawa hawagombani kwa ajili ya maiti wa zamani.

Msomaji ninayemheshimu kuliko wote katika safu hii ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwishoni mwa 1968 alikamatwa kwa kuandika kijitabu cha siasa, Kenya: Twendapi?, akafungwa hadi 1972. Sehemu ya kifungo chake ilikuwa Kamiti na sehemu Shimo la Tewa, gereza lililo barabara hii hii ya Malindi, mbele ya Bombolulu kabla ya Mtwapa. Huko alitunga kwa siri mashairi ya Sauti ya Dhiki. Alipotoka alihamia Dar es Salaam, na mwaka 1973, mwaka ule ule Sauti ya Dhiki ilipochapishwa, akatoa chapa ya Utenzi wa Fumo Liyongo kupitia chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha huko. Mfungwa aliyetunga mashairi gerezani akawaletea wasomaji wa kawaida, kwa hati za Kirumi na kwa bei ya kitabu cha shule, kisa cha mfungwa aliyetunga mashairi gerezani. Chapa hiyo ndiyo iliyomrudisha Liyongo nyumbani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, Abdilatif alikuwa pia katika kundi la wataalamu lililotoa kitabu cha nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo, pamoja na Gudrun Miehe, Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir Juma Bhalo, Yahya Ali Omar na wengine. Wanazuoni wa pwani walikaa meza moja na wenzao wa Ulaya, hawakuwa tena wapelekaji wa hati.

Nimesema wasomaji walibishana juu ya karne, nasaba na ukweli. Katika mabishano hayo yote, mtu mmoja wa kisa aliachwa pembeni muda mrefu: Saada. Mbele, katika makala yake ya 2006 kuhusu wanawake katika tendi za Afrika, alisaidia kuwageuza wasomaji watazame upande huo. Nami nadhani mtu anayemsoma Liyongo akiwa Bombolulu ana sababu ya ziada ya kutazama huko.

Jirani yetu ni Freretown. Baada ya mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alilazimishwa kuutia saini kuzuia biashara ya watumwa baharini, misheni ya CMS chini ya William Salter Price ilifungua makazi hayo mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kengele iliyowekwa pale ndiyo iliyolipa eneo jina la Kengeleni, na wazee husimulia kwamba ililia kuwaonya watu wavamizi wa watumwa wakija. Watoro nao walikimbilia kwenye misheni, na mabwana wa Mombasa wakawadai. Ilipofika Januari 1889, kampuni ya Waingereza iliwalipa wenye watumwa fidia ili watoro zaidi ya 1,400 wapewe hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria pwani mwaka 1907. Kijuma alipouandika utenzi wake, miaka 6 tu ilikuwa imepita. Lamu ilikuwa imejaa akina Saada walio hai.

Msome basi Saada kwa jicho hilo. Yeye ndiye anayekwenda gerezani kila siku na kurudi. Yeye ndiye anayetukanwa na walinzi, anayebeba shairi kichwani, na anayepita mlangoni na mkate wenye tupa, kosa ambalo lingemgharimu shingo. Bila yeye hakuna kutoroka, na bila kutoroka hakuna shujaa. Liyongo anatoka na pingu zake zimekatika, na utenzi unaendelea na safari yake bila Saada. Haulizwi alitaka nini. Haachwi huru. Wako watakaosema namlaumu Kijuma kwa mambo ya zama zake. Sivyo. Kijuma ndiye aliyempa Saada nafasi ya kutosha hata leo tuweze kuuliza, na angeweza kuupitisha mkate ule kwa mkono wa mtu asiye na jina.

Kuhusu mwana msaliti, hukumu yangu ni kali kuliko ya wengi wanaomtetea kwa udogo wake. Alipewa muda wa kutosha kulala na kuamka na wazo lile. Lakini mfalme ana hatia kubwa zaidi, na wasomaji wanaoishia kwa mwana humpa mfalme njia ya kutokea.

Walimu wa Kiswahili wa Kisauni na kwingineko, ombi langu ni hili: msiwape wanafunzi muhtasari wa Liyongo kabla hawajausoma utenzi. Beti zake zinasomeka kwa sauti katika jioni moja, darasa likipokezana. Waacheni wabishane wenyewe juu ya karne, mfalme na mwana, kisha waulizeni nani alibeba tupa.