Dawa ya malaria na mafuta ya chakula: namna zinasaidiana

Kuko dawa zisizoyeyuka katika maji. Mojawapo ni lumefantrini, inayochanganywa na artemeteri katika vidonge vya malaria vinavyotolewa kwenye vituo vingi vya afya. Hata kile kidonge cha watoto kinachovunjika ndani ya maji kinakuwa unga tu. Lumefantrini yenyewe haiyeyuki. Mtu akimeza tumbo tupu, sehemu kubwa inaweza kutoka na choo bila kuingia katika damu.

Mafuta ndiyo yanaisaidia kupita. Yakifika utumboni, mwili unatoa nyongo, na nyongo inayagawa kuwa matone madogo sana, sawa vile sabuni inafanya kwenye sahani yenye mafuta. Dawa inaingia ndani ya matone hayo na kuvuka ukuta wa utumbo.

Watengenezaji wa dawa za namna hii wana njia mbili. Ya kwanza ni kutia mafuta ndani ya kapsuli yenyewe. Ndivyo ilivyo vitamini A ya watoto wa miezi 6 mpaka 59: yale matone yanayokamuliwa mdomoni ni vitamini ndani ya mafuta. Ya pili ni kutoa kidonge kikavu, chakula kilete mafuta. Lumefantrini iko upande huu.

Chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza lumefantrini katika damu hadi mara 16 kuliko tumbo tupu. Lakini hata mafuta kidogo yanasaidia sana. Katika utafiti mmoja, maziwa kidogo ya soya yenye gramu 1.2 za mafuta yalitosha kufikia karibu kiwango cha juu. Karanga, sombe yenye mawese ao maziwa ya mama vinafaa.

Dawa inamezwa mara 6 kwa siku 3. Ya pili saa 8 kisha ya kwanza. Artemeteri inapunguza vimelea haraka, lumefantrini inamaliza vinavyobaki. Ikipungua katika damu, homa inaweza kurudi.

Mgonjwa akikosa hamu ya kula, asiache dawa. Ale mara tu anapoweza. Akitapika ndani ya saa moja, apewe tena kipimo kizima, na familia irudi kituoni kuomba vidonge vya kujaza.

Lakini sheria hii si ya kila dawa ya malaria. Ile ya piperakini haitakiwi kumezwa na chakula chenye mafuta, sababu ikizidi katika damu inaweza kusumbua mapigo ya moyo. Basi muulize muganga: hii inamezwa na chakula ao bila chakula?