Kiguso cha Kinanda

Neno kinanda, ambalo kwa wazee wa Lamu lilikuwa jina la chombo cha nyuzi, leo kwa watu wa Garissa, mji uliopo kandokando ya mto Tana, lamaanisha chombo cha umeme chenye vibonyezo vyeupe na vyeusi, ambacho katika arusi za Wasomali husindikiza sauti za waimbaji. Kwa kuwa nchi ile ni kame na vumbi lake jembamba hupenya kila upenyo, aghalabu hutokea kibonyezo kimoja kikanyamaza, au kikalia kwa kishindo hata kikishushwa taratibu; na mwenyewe, akidhani chombo chote kimekufa, hukipakia basini kwenda Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 350, ilhali taksiri imo katika kitu kidogo mno.

Kitu hicho, kiitwacho kwa neno la mkopo kontakti, twaona kiitwe kiguso: mguso ni tendo, ama kiguso ni kifaa kinachogusa, kwa kanuni ile ile iliyotupa kizibo kutokana na kuziba. Katika vinanda vinavyohisi nguvu ya kidole, chini ya kila kibonyezo pana kuba dogo la mpira lenye viguso viwili vya kaboni. Cha kwanza huwahi kugusa njia za umeme zilizomo ubaoni, cha pili hufuata, na muda ulio baina yao ukiwa mfupi, sauti huwa kubwa. Mfumo wa MIDI, ambao kwao vyombo vya muziki vya umeme hupashana habari, uliotolewa mwaka 1983, huiandika nguvu hiyo kwa namba, tangu 1 hata 127. Basi kiguso kimoja kikiingia vumbi, hesabu huharibika.

Dawa yake si ngumu: umeme ukatwe, skrubu zifunguliwe, vibonyezo viondolewe, ukanda wa mpira wenye makuba yale ung'olewe polepole, kisha pamba yenye spiriti safi ipitishwe juu ya kaboni na ubao, na vyote viachwe vikauke. Msasa usitumiwe kabisa, maana kaboni ni utando tu, nao ukibanduka haurudi.

Mafundi na walimu wa ufundi na walishike neno hili kiguso. Kwani mwenye kinanda akiambiwa kwamba kiguso cha pili kimeingia vumbi, atafahamu kilichoharibika, wala hatauziwa kinanda kipya pasipo haja.