Chakula Ambacho Hakuna Aliyekila

Mwanachuo mmoja wa ualimu aliwahi kuniletea zoezi la kukusanya majina. Wenzake waliorodhesha nafaka na mboga za kwao. Yeye aliorodhesha vyakula vya hadithini, kila kimoja na maelezo yake. Niliandika kwa wino mwekundu, "Shughulika na vitu vilivyopo," nikampa alama za chini. Hakubishana nami; alichukua daftari lake akaenda zake.

Jambo hilo lilinirudia nilipopata habari kwamba wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi huzitungia ensaiklopidia. Mashabiki wa Star Trek walianzisha yao, Memory Alpha, mwaka 2003. Katika ensaiklopidia za namna hiyo, vyakula visivyopata kuliwa na mtu huelezwa kama sisi tunavyoeleza mtama au muhogo. Je, vinastahili?

Natuchukue mfano mmoja. Mwaka 1966 Mmarekani Harry Harrison alichapisha riwaya iitwayo Make Room! Make Room! Aliuwaza mji wa New York wa mwaka 1999, wenye watu milioni 35 wanaogombea maji na chakula. Humo mna chakula kiitwacho "soylent", jina lililoungwa kutokana na soya na "lentil", yaani dengu. Ni chakula cha maskini, lakini ni halali kabisa.

Mwaka 1973 riwaya hiyo ilitengenezewa filamu, Soylent Green, ambayo mambo yake yanatokea mwaka 2022. Humo wananchi huambiwa kwamba chakula hicho kinatokana na vijiumbe vya baharini, kumbe kinatengenezwa kwa maiti za watu. Filamu ilivuma, na ikaimeza riwaya. Wapo hadi leo wanaodhani kwamba Harrison ndiye aliyeandika habari za watu kulishwa watu, ilhali yeye alionya juu ya wingi wa watu na uchache wa riziki. Atakayeisahihisha dhana hiyo ni nani, kama si yule aliyekaa akaandika ingizo la "soylent", akaitenga riwaya na filamu?

Tena hofu ile haikuzuka hivi hivi. Mnamo 1965 na 1966 India ilikumbwa na ukame mkubwa, ikategemea ngano ya msaada kutoka Marekani. Baadaye mbegu mpya za ngano ziliongeza mavuno, na mwaka 1970 Norman Borlaug akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi hiyo. Umoja wa Mataifa uliitaja tarehe 15 Novemba 2022 kuwa siku ambayo watu duniani walifika bilioni 8. Ulikuwa mwaka ule ule wa filamu. Njaa haijaisha, lakini soya na dengu bado ni soya na dengu.

Hata hivyo, sisemi kila kitu kiandikwe kwa urefu. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 kuna maziwa ya rangi ya buluu yanayoonekana mezani. Hayo mstari mmoja unayatosha. Lakini katika kipindi kimoja cha Star Trek cha mwaka 1967 mna nafaka ya kubuni, "quadrotriticale", ambayo asili yake inatajwa kuwa ni tritikali ya Kanada. Tritikali ipo kweli: ni chotara ya ngano na nafaka iitwayo rai. Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, kilianza mpango wa kuiendeleza mwaka 1954, ingawa machotara ya kwanza yalipatikana Uskoti na Ujerumani katika karne ya 19. Ingizo linalomtoa msomaji kwenye nafaka ya uongo na kumfikisha kwenye nafaka ya kweli limefanya kazi ya mwalimu.

Kwa hiyo kipimo changu si kama chakula kipo au hakipo. Ni kama mwandishi wa ingizo ametuonyesha watu waliokibuni walikuwa wakiogopa nini au wakitamani nini.

Laiti lile daftari lingerudi mezani pangu, ningeandika kwa wino ule ule mwekundu: "Nani alikibuni, mwaka gani, na kwao wakati huo watu walikuwa wakila nini?" Kisha ningemrudishia amalizie, kabla ya kumpa alama yoyote.