Upana wa Haisi Ulipangwa Japani

Panda Haisi ya kwenda Ngaramtoni saa kumi na mbili jioni, ubanwe siti ya nyuma, halafu konda akazane kwamba watu wakae wanne wanne. Mabega hayaenei. Abiria atamtukana konda, konda atamsingizia tajiri anayesubiri hesabu yake, na hakuna atakayeitaja Japani. Wakati ubishi wenyewe umeanzia huko, kwenye kanuni za usajili zinazotaka gari la daraja dogo lisizidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana na mita 2 kwenda juu.

Chukua futi upime Haisi ya kawaida, hii ambayo Toyota inaiunda tangu 2004. Urefu wake ni milimita 4,695. Upana ni 1,695. Kotekote imeishia milimita 5 kabla ya mpaka.

Sababu ni pesa. Gari likivuka vipimo hivyo, hata kwa unene wa kidole, linahamia daraja la wakubwa. La mizigo huanza kulipa zaidi kwenye barabara kuu za kulipia. La familia, hadi mwaka 1989, kodi yake ya mwaka ilipanda takribani mara mbili, hata kama injini ni ileile. Mwaka huo Japani ilibadili utaratibu, kodi ikafuata ukubwa wa injini peke yake, lakini mazoea yana tabu: mitaa ya kule ni myembamba na wateja walishazoea. Premio, Axio na Noah za kawaida zilizojaa kwetu zina upana wa milimita 1,695, ingawa zilitoka viwandani miaka mingi baada ya kodi ile kufutwa.

Haisi zetu nyingi, tena, hazikuzaliwa na siti tunazobanana juu yake. Zilikuwa za mizigo, siti zikaja kufungwa huku na mafundi wetu, safu kwa safu, mpaka goti likagusa chuma. Kenya, matatu za aina hii zilikuwa zikipakia watu 18. Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zikaanza kazi: abiria 14, mikanda kwa wote, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa njano ubavuni. Kwa lugha nyingine, Nairobi ilikuwa inajaribu kurekebisha kwa sheria yake kitu ambacho sheria ya Tokyo ilikwisha kukiminya.

Lakini anayebeba alama ya kanuni kuliko wote ni Kirikuu, ile pikapu ndogo. Japani ilianzisha daraja la vigari vidogo zaidi mwaka 1949, nchi ikiwa bado hoi kwa vita, ili mtu wa kipato cha chini naye apate kitu cha magurudumu manne. Ruhusa ya injini ikapandishwa kidogo kidogo: cc 360, halafu 550 mwaka 1976, halafu 660 mwaka 1990. Leo daraja hilo lina mwisho wa urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, na mzigo wa pikapu yake kisheria ni kilo 350. Hizo kilo 350 ziliachwa bandarini. Huku Kirikuu hupandisha mlima na matofali, tairi za nyuma zikikaribia kumezwa na bodi, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani kuusikiliza mzigo.

Sasa, magari haya yamefikaje kwetu kwa wingi hivi? Kuna hadithi inayopendwa vijiweni kwamba Mjapani analazimishwa kutupa gari likifika umri fulani. Si kweli. Gari jipya la binafsi hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kila ukaguzi huja na bima ya lazima, kodi ya uzito na bili ya fundi. La petroli likipita miaka 13, kodi ya mwaka nayo inaongezwa. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora aliuze. Na atamuuzia nani? Usukani uko kulia, na nchi nyingi duniani hazimtaki. Sisi Mwingereza alituachia kupita kushoto, Mjapani alifika hukohuko kwa njia zake, bei ikakutana na mfuko.

Kila nchi yetu ikaweka chujio lake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda, mwaka 2018, ilifunga mlango kwa yaliyozidi 15. Tanzania haifungi, inatoza: gari likifika miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana Noah iliyozeeka inakataliwa Mombasa lakini inaingia Dar es Salaam na risiti yake.

Ukishalitoa bandarini unakutana na redio. Unatafuta stesheni unayoipenda, iko 98, na redio inagota kwenye 90. Haijaharibika. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa redio za FM kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 palikaliwa na chaneli za kwanza tatu za televisheni. Fundi atakufungia kikasha kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, mara nyingi kwa 20, kwa hiyo stesheni yako ya 98 utaisikia kwenye 78. Televisheni zile za analojia zilizimwa Julai 2011, isipokuwa katika mikoa michache iliyokumbwa na tetemeko na tsunami, na redio za magari mapya ya kule zikafunguliwa hadi 95. Kwetu hata hiyo haitoshi.

Halafu kuna kile kioo kidogo kinachochomoza juu ya tairi la mbele kushoto, kwenye Harrier na Prado. Wengine hukiita urembo, na wezi wa saiti mira hawakiachi. Katikati ya miaka ya 2000 Japani iliamuru kwamba dereva lazima aweze kuona, mbele na ubavuni kushoto, mcheduara wa kimo cha mita 1 na kipenyo cha sentimita 30. Mcheduara huo unasimama badala ya mtoto wa umri wa kuanza shule. Katika kila kitu tulichoingiza bila kukiomba, hicho ndicho ningekitungia sheria hapa. Watoto wanaovuka barabara ya Morogoro ni wa kimo hichohicho.

Mpaka wa milimita 1,700 sasa unaachwa. Corolla iliyoingia sokoni Japani mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,745, na kwa umri wake bado inakubalika Kenya. Wenye nyumba za kupanga waliojenga geti kwa kuipima Vitz wameanza kusikia bodi ikikwaruza nguzo.