Vipimo vya Sandarusi na Hesabu za Kemia

Katika nchi ya Uzaramo, ambamo Mzenga yetu imo, watu wa karne ya 19 walichimba sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, nayo iliyo bora si ile itokayo mtini, bali ile iliyolala ardhini miaka mingi, hata miti yenyewe imekwisha kuoza na kusahauliwa. Ile mbichi waliita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika habari za kazi hiyo. Mali ilishuka pwani, ikavuka kwenda Unguja, na kutoka huko ikapelekwa Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani, ikafanywa vanishi.

Lakini ninayotaka kuwaeleza wasomaji si uchimbaji, ni mizani. Sandarusi iliuzwa kwa frasila. Frasila moja ni mani 12, mani moja ni ratli 3, ratli moja ni wakia 16, na wakia moja ni uzito wa reale ya fedha ya Maria Theresia, ambayo ni gramu 28.07. Hesabu hiyo ni safi, wala haina kosa. Shida ilianza Waingereza walipokuja na ratli yao. Jina ni lile lile, uzito si ule ule, maana ratli ya Kiingereza ni gramu 453.6, na ratli ya reale ni gramu 449 na kidogo. Tena wafanyabiashara wengi walihesabu frasila kuwa ratli 35 za Kiingereza, wala si 36.

Sasa na tuone jinsi ya kupima jambo hili kwa kalamu. Kila tarakimu iandikwe pamoja na jina la kipimo chake, na jina likiwa juu na chini ya mstari lifutwe, kama tufutavyo tarakimu zilizo sawa katika sehemu. Twaandika hivi: frasila 1, mara mani 12 kwa frasila 1, mara ratli 3 kwa mani 1, mara wakia 16 kwa ratli 1, mara gramu 28.07 kwa wakia 1. Frasila hufuta frasila, mani hufuta mani, ratli hufuta ratli, wakia hufuta wakia, na jina linalobaki ni gramu peke yake. Jibu ni gramu 16,168. Frasila ya ratli 35 za Kiingereza ni gramu 15,876. Tofauti ni gramu 292, nayo yaonekana ndogo. Lakini katika frasila 100 ni kilo 29, karibu frasila mbili nzima, zilizopotea pasipo mwizi. Mchimbaji aliyepimiwa kwa frasila kubwa, akalipwa kwa bei ya frasila ndogo, angejuaje?

Wadachi walipotawala walileta kilo, Waingereza wakarudisha ratli, na baada ya uhuru wa 1961 kilo ikarudi tena. Mzee mmoja aliweza kuona mabadiliko hayo yote katika maisha yake.

Vipimo vya ujazo vina mtego mwingine. Vibaba vinne ni pishi moja, lakini palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilele. Na pishi ya mpunga haina uzito wa pishi ya mchele. Atakaye kutoka katika ujazo aingie katika uzito hana budi kujua kwanza uzito wa pishi moja ya kitu kile kile. Wataalamu nao wamenaswa hapo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Lita moja ya mafuta yale ilikuwa na uzito wa kilo 0.8 hivi, lakini waliohesabu walitumia 1.77, ambayo ni hesabu ya ratli za Kiingereza katika lita moja. Tarakimu ilikuwa kweli, jina lake halikuandikwa. Ndege iliruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa, ikaishiwa angani, na rubani akaishusha kama tiara mpaka uwanja wa zamani wa Gimli. Kwa bahati hakufa mtu.

Basi tuje kwenye kemia, ambayo vijana wengi huiogopa bure. Mkemia huhesabu chembe kwa moli, kama muuza nguo wa zamani alivyohesabu kwa korja, yaani 20, ila moli ni fungu kubwa kupita fikira. Tuseme mtu ana ratli 10 za Kiingereza za mafuta ya nazi, ataka kupika sabuni. Soda kali kiasi gani? Chembe moja ya mafuta hushika chembe tatu za soda. Moli moja ya mafuta ya nazi ni gramu 656 hivi, na moli moja ya soda ni gramu 40. Njia ni ile ile ya sandarusi. Ratli 10, mara gramu 453.6 kwa ratli 1, ni gramu 4,536 za mafuta. Hizo, mara moli 1 kwa gramu 656, ni moli 6.915 za mafuta. Hizo, mara moli 3 za soda kwa moli 1 ya mafuta, ni moli 20.74 za soda. Hizo, mara gramu 40 kwa moli 1, ni gramu 830 za soda.

Angalieni kwamba katika moli hatukuandika jina la kipimo tu, bali na jina la kitu chenyewe, maana moli ya mafuta haifuti moli ya soda. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wapishi wa sabuni huitia soda pungufu kidogo ya hesabu, ili isibaki. Na mtu akidhani zile 10 ni kilo, atatia gramu 1,829, kupita mara mbili ya haja, na sabuni yake itachubua mikono ya watakaoinunua.