Wajumbe wa Ajali

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga, na maneno hayo yamewafariji wafiwa wengi. Lakini anayeichunguza historia ya kazi za viwandani ataona kwamba ajali, mara nyingi, hutanguliwa na wajumbe. Tofali huanguka hatua moja nyuma ya mtu. Mkono huchomolewa mashineni kabla haujakatwa. Aliyenusurika hushusha pumzi, akacheka, akaendelea na kazi. Ujumbe umepotea.

Aliyejulikana sana kwa kuwahesabu wajumbe hao ni H. W. Heinrich, Mmarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya bima. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1931, alidai kwamba katika matukio 330 ya namna moja, 300 hayamdhuru mtu, 29 huleta majeraha madogo, na 1 huleta jeraha kubwa. Wataalamu wa baadaye wamezikosoa hesabu hizo, lakini wazo lenyewe limedumu: yachunguzwe yale 300, ili lile 1 liepukwe.

Hata hivyo, Heinrich huyo huyo alifundisha kwamba ajali 88 katika kila 100 husababishwa na matendo ya hatari ya watu. Hapo ndipo fundo lilipo. Ikiwa kosa limekwisha hesabiwa kuwa la mfanyakazi, ni nani atakayemwendea msimamizi na kusema, "Leo nimeponea chupuchupu"? Kusema ni kujishtaki.

Njia ya kulifungua fundo hilo ilionekana nje ya viwanda, katika kazi ya urubani. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya kampuni ya TWA iliyokuwa ikiukaribia uwanja wa Dulles, Marekani, iligonga mlima katika jimbo la Virginia, wakafa wote 92 waliokuwamo. Uchunguzi ulifunua kwamba majuma sita kabla yake, marubani wa kampuni nyingine nusura waugonge mlima ule ule kwa kukosea vile vile. Wao walisema, na kampuni yao ikawaonya marubani wake. Onyo halikuwafikia wa kampuni nyingine.

Mwaka 1975 idara ya serikali iliyosimamia usafiri wa ndege ilianza kupokea habari za namna hiyo. Lakini idara hiyo ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuwaadhibu marubani, nao wakaiogopa. Basi mwaka 1976 kazi ya kupokea ilikabidhiwa NASA, isiyo na mamlaka hayo. Jina la mleta habari hufutwa, na aliyekosa bila kukusudia, akaarifu mapema, huweza kusamehewa adhabu. Uhalifu haumo katika msamaha huo. Mwaka 1996 wafanyakazi wa reli huko Scotland nao walianzishiwa mpango wa siri wa kutoa habari.

Kwa hiyo, mkuu wa kiwanda anayelalamika kwamba watu wake hawasemi, na ajiulize kwanza: yule wa mwisho aliyesema alitendewa nini?